Kabla Hujamlaumu Jirani, Sikiliza Hewa

Maandishi ya kipindi, kwa ubao wa matangazo na vikundi vya kusikiliza

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

Unasoma karatasi hii kwenye ubao karibu na kisima. Huenda unasoma kwa sababu jioni hukutusikia. Redio yako ilianza vizuri, mtangazaji akasalimia, halafu grrrrr, sauti ikazama kama mtu anayeongea huku mashine ya kusaga inazunguka. Umezungusha kitufe, umenyoosha antena, umepigapiga redio kwa kiganja. Wapi.

Leo kipindi chote ni juu ya hiyo grrrrr: inatoka wapi, unaipimaje wakati hewa yenyewe imejaa kelele nyingine, na kwa nini mimi nilimkosea mtu kwa kuipima vibaya.

Nianze na mama mmoja. Tulikuwa tumesoma majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao. Unajua wengi wetu hapa Mantapala tulivuka kuanzia Agosti 2017, tukitoka Haut-Katanga na Tanganyika, tukapitia Kenani kabla ya kuletwa huku 2018, na wapo waliopotezana njiani. Mama huyo alisikia jina la kijiji chake cha upande wa Pweto. Akasikia "anamtafuta dada yake". Halafu mngurumo. Alikesha hajui kama ni yeye au si yeye. Asubuhi akaja, tukamwonyesha karatasi. Hakuwa yeye. Aliketi kidogo kwenye benchi, akaniuliza, "Mtoto wangu, sasa ni majina mangapi yamenipita hivyo?"

Sikuwa na jibu. Jioni hiyohiyo nikachukua redio ndogo, nikaenda kuwinda kelele. Nilipofika kwenye saluni ya papa mmoja anayenyoa na kuchaji simu za watu, redio ikanguruma kweli kweli. Ndani kuna inveta, paneli mbili juu ya bati, chaja zimepangwa kama samaki juani. Nikasema: mwizi ni huyu. Nikawaambia viongozi wa bloku. Wakamwagiza azime kila kitu kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, na saa hizo ndizo watu wanatoka shambani na kuleta simu. Kwa wiki mbili papa huyo alikosa wateja wake wa jioni.

Na grrrrr haikuondoka.

(Sauti ya redio ikinguruma, sekunde 5.)

Fundi mmoja wa sola kutoka Kashikishi, sisi tunamwita Yaya, ndiye aliyenisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Kabla papa hajawasha inveta yake asubuhi, ulisikiliza nini pale mlangoni?" Sikuwa nimesikiliza kitu. Nilifika jioni, kila kitu kimewaka, nikalaumu cha kwanza nilichokiona.

Sasa tuelewane kwanza kelele hii inazaliwaje. Inveta, chaja ya simu, kidhibiti cha sola na taa za LED, vyote vina kidude ndani kinachokata umeme na kuuachia tena, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, vingine laki kadhaa. Ukikata umeme kwa ghafla namna hiyo, hautoi mtetemo mmoja peke yake. Unatoa na wajukuu wake: mara mbili yake, mara tatu, mara mia, hadi kufika kwenye masafa ya FM, megahezi 87.5 hadi 108, ambako sisi tunatangaza. Waya za paneli na za taa ndizo zinazorusha kelele hiyo hewani, kwa maana waya mrefu ni antena hata kama hukutaka iwe antena. Kifaa kilichotengenezwa vizuri kina vichujio vya kuizuia. Kile cha bei ya chini mara nyingi vichujio vimeachwa, ili kiuzwe rahisi.

Upande wa pili ni hewa yenyewe, na hewa haijawahi kuwa tupu. Hapa kwetu kuna stesheni za Zambia na kuna za ng'ambo ya ziwa, za kwetu Kongo. Wakati mwingine, hasa alfajiri na jioni zilizotulia, hewa baridi hulala chini na ya joto hukaa juu yake. Hapo mawimbi ya FM hupindishwa, hufuata uso wa ziwa na kufika mbali kuliko kawaida. Na FM ina tabia moja: stesheni mbili zikigongana kwenye masafa yaleyale, yenye nguvu zaidi humeza nyingine. Unadhani redio yako imeharibika, kumbe Mweru imekuletea mgeni.

Kuna radi. Sisi wa Kongo hatuhitaji kuambiwa habari za radi, lakini sikia hii: utafiti uliochapishwa 2016, uliotumia miaka mingi ya vipimo vya satelaiti, uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela kuwa mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, na eneo la karibu na Kabare, Kivu Kusini, likawa la pili na la kwanza Afrika. Kila mmweko hutoa mlio wa redio, tra-tra-tra, na kwenye mawimbi ya kati na mafupi mlio huo husafiri mamia ya kilomita, usiku zaidi. Ongeza taa za wavuvi wa chisense, simu zetu mifukoni, na redio ya jirani. Ndiyo, hata redio ya jirani! Redio nyingi za FM ndani yake hutengeneza mtetemo ulio megahezi 10.7 juu ya stesheni unayosikiliza. Jirani akiwa kwenye 90, redio yake inanong'ona kwenye 100.7.

Kwa hiyo unaposimama mlangoni pa saluni ya watu na redio mkononi, unasikia vyote hivyo kwa pamoja. Sikio halikuambii ni kipi cha nani.

Watu wanaopima vifaa kama kazi wana shida hiyohiyo. Kuna kamati ya kimataifa inayoitwa kwa kifupi CISPR, ilianza 1934, na kazi yake ni kupanga vifaa vinaruhusiwa kupiga kelele kiasi gani na ipimwe vipi. Njia yao ya zamani ni uwanja wa wazi usio na nyumba wala miti karibu: kifaa upande huu, antena mita 3, 10 au 30 upande ule. Kwa vifaa vya nyumbani, katikati ya megahezi 30 na 230, kikomo kwa umbali wa mita 10 ni desibeli 30 juu ya mikrovolti moja kwa mita. Ni kama mikrovolti 32. Kidogo sana. Na wanataka kelele ya mazingira iwe chini ya kikomo hicho kwa desibeli 6 au zaidi, yaani isizidi nusu yake.

Linganisha na redio. Ili kijijini usikie FM vizuri kwa spika moja, wataalamu wa kimataifa hupanga mawimbi yawe na angalau desibeli 48 katika kipimo hichohicho. Hesabu mwenyewe: stesheni inayosikika vizuri iko desibeli 18 juu ya kile kikomo. Kwa mpimaji aliye uwanjani, kelele kubwa kuliko zote ni sisi watangazaji. Nilicheka Yaya aliponiambia hivyo. Nimezoea kuita kelele kitu kinachoniziba mimi.

Basi wao wanafanyaje? Kwanza wanapima hewa kifaa kikiwa kimezimwa, masafa yote, na kuandika. Kisha wanawasha. Penye stesheni, wanarudi saa ambayo stesheni imezima mitambo. Au wanasogea karibu. Ukipunguza umbali nusu, kelele ya kifaa hupanda desibeli 6, lakini stesheni iliyo mbali kilomita nyingi haijui kwamba umesogea. Yake inabaki palepale. Kutoka mita 10 hadi mita 3, kifaa kinapanda karibu desibeli 10 na nusu. Hiyo ndiyo hila kubwa kuliko zote na haina gharama. Tahadhari ni moja: ukiwa karibu mno, hesabu ya nusu kwa desibeli 6 haifuatwi tena. Kwa FM mpaka huo uko kama nusu mita. Kwa mawimbi ya kati, kwenye megahezi 1, uko karibu mita 48, kwa hiyo huko usijaribu kukadiria ya mbali kwa kupima ya karibu.

Na kama kelele ya hewa pamoja na ya kifaa, zote zikijumlishwa, hazifiki kikomo? Basi kifaa kimepita, hakuna haja ya kuzitenganisha.

Lakini kuzitenganisha kwa kutoa tu, kama unavyotoa bei ya unga kwenye noti, usifanye. Desibeli hazijumlishwi hivyo. Kelele mbili zilizo sawa zikikutana, jumla inapanda desibeli 3 tu, na sikio la kawaida linaona tofauti ndogo. Kelele moja ikizidi nyingine kwa desibeli 10, ile ndogo inaongeza chini ya nusu desibeli. Maana yake kwetu ni hii: ukizima kelele ndogo wakati kubwa bado inaunguruma, hutasikia mabadiliko yoyote. Papa aliponyamazishwa kwa wiki mbili, ndicho kilichotokea.

(Muziki mfupi.)

Tukaanza upya. Wewe pia unaweza, vifaa ni redio ya betri, daftari na rafiki mmoja. Simu iache nyumbani. Ile "di-di-dit, di-di-dit" unayoisikia kwenye spika kabla simu haijaita ni simu inayoongea na mnara.

Jioni tano mfululizo nilisimama uwanja wa mpira, mbali na nyumba, antena imenyooshwa yote, redio kwenye stesheni yetu. Nikaandika saa, hali ya mawingu, na ninachosikia. Jioni nne mngurumo uliingia dakika chache baada ya saa kumi na mbili. Ile ya tano dhoruba ilitanda kutoka ziwani, giza likatangulia, na mngurumo nao ukatangulia, karibu dakika 20. Nilitazama daftari nikashtuka. Inveta ya papa inawaka tangu asubuhi, mawingu hayaihusu. Kitu hiki kilikuwa kinafuata giza.

Nini hapa kambini kinafuata giza? Taa ya sola ya barabarani. Hakuna anayeiwasha, inajiwasha yenyewe jua likizama. Na moja ilikuwa imesimama hatua 15 nyuma ya saluni.

Hapo ningeweza kurudia kosa langu, safari hii kwa kuilaumu taa. Yaya akakataa. Alikwenda kwanza kwa wanaosimamia taa hizo, akaomba ruhusa, akaja na ngazi saa nne asubuhi. Taa za aina hii nyingi hutumia paneli yenyewe kama jicho: paneli isipopata mwanga, taa inadhani ni usiku. Akaifunika paneli kwa kitenge. Baada ya muda taa ikawaka mchana kweupe, watoto wakapiga kelele za furaha, na redio yangu ikasema grrrrr. Akafunua, ikanyamaza. Tukarudia mara tatu, saluni ikiwa imezimwa kabisa. Mara tatu usirukie, kwa sababu radi au stesheni ya ng'ambo inaweza kuja mara moja kwa bahati na kukudanganya.

Papa je, hana hatia kabisa? Tulipima na yeye, na hapa mchana ulitusaidia: taa imelala, hewa imetulia, inveta inaweza kusikika peke yake. Rafiki alikaa ndani akiwasha na kuzima mara 10 bila kuniambia, akiandika kwenye karatasi yake. Mimi nje nikaandika yangu. Nikiwa hatua 5 kutoka mlangoni nilipatia mara 9. Nikiwa hatua 12 nilipatia mara 5, na mara 5 kati ya 10 hata kuku angepata kwa kubahatisha. Basi kelele ya inveta ipo, inafika nyumba moja ya jirani, haivuki zaidi. Ile ya taa ilitushinda kusikiliza hadi hatua 40.

Unaona kwamba nilipima kwa hatua, si kwa ukubwa wa sauti. Redio ya FM imetengenezwa isawazishe nguvu za mawimbi kabla hujasikia, kwa hiyo ukubwa wa sauti unadanganya. Weka stesheni ileile, antena urefu uleule, tembea hadi maneno yasikike safi, hesabu hatua. Unapotaka kujua kelele inatoka upande gani, bana redio kifuani na ujizungushe polepole. Mwili wako unazuia mawimbi kidogo, na pale mngurumo unapopungua, chanzo kiko mgongoni. Ukikaribia na kelele imejaa kila mahali, rudisha antena ndani yote. Vya mbali vinafifia, cha karibu kinabaki.

Kosa langu lingine ni hili: ile jioni ya kwanza nilikuwa nimeweka redio kwenye mawimbi ya kati, kwa sababu huko kila chaja hupiga kelele na uwindaji unanoga. Lakini sisi tunatangaza FM. Inveta ya papa ni mbaya sana kwenye mawimbi ya kati na ni ndogo kwenye FM. Pima kwenye masafa yale yanayokuumiza.

Nitoke kambini kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mhandisi kijana Karl Jansky wa Bell Telephone Laboratories aliagizwa kutafuta kinachosumbua simu za redio za mbali. Alijenga antena inayozunguka huko Holmdel, New Jersey, akasikiliza kwenye megahezi 20.5, akaandika saa baada ya saa. Alitenganisha radi za karibu, radi za mbali, na mlio mmoja mdogo usioisha. Huo wa tatu ulirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, wala si 24. Saa hiyo ni ya nyota, si ya jua. Alikuwa anasikia katikati ya kundi letu la nyota, na alichapisha habari hiyo 1933. Hakuwa na mashine ya ajabu kuliko wengine. Alikuwa na daftari la saa. Leo Zambia ni moja ya nchi za Afrika zilizoshirikishwa katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, ambayo sehemu yake inajengwa jangwa la Karoo, Afrika Kusini, kwa sababu huko hewa ina kelele chache na sheria inailinda.

Sisi hatuna Karoo. Tuna kitenge na ngazi.

Dawa yenyewe haikuwa kubwa. Yaya alikata pete nyeusi ya ferati, ule uvimbe unaouona kwenye waya wa kompyuta za zamani, akapitisha waya wa taa ndani yake mara nne, karibu kabisa na kidude kinachoilisha. Hatua 40 zikawa kama 10. Kwa papa alifupisha waya za paneli na kuzisokota pamoja kama kamba, ya kwenda na ya kurudi, ili kelele zao ziuane. Sasa jirani naye anasikia. Tafadhali usifungue inveta wala usipande nguzo ya taa mwenyewe. Kama redio yako inanguruma nyumbani, anza kwa kuisogeza mbali na chaja na waya za sola, ichomoe kwenye umeme uitumie kwa betri, kisha zima kifaa kimoja kimoja. Kikipatikana, andika saa, mahali, hatua na hali ya mawingu, uache karatasi kwenye sanduku letu karibu na kisima. Usiandike jina la mtu.

Nilikwenda kumwomba papa radhi, mbele ya viongozi wa bloku walewale. Alinisikiliza huku ananyoa mteja. Akasema, "Mwanangu, keti, nywele zako zimekuwa ndefu." Alinitoza bei kamili. Saa zake za jioni zimerudishwa tangu Jumatatu.

Majina yote yaliyosomwa katika wiki zile za mngurumo yatasomwa tena Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, polepole, kila jina mara mbili. Orodha yake imebandikwa chini ya karatasi hii. Kama hujui kusoma, mwombe mtoto wa shule akusomee, au uje ofisini asubuhi, tutakusomea.

(Muziki wa kufunga.)